Gharama ya Joho: Habari za Malipo ya Wanachuo wa Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika nyumba ya kuazima. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wanafunzi wa sheria wasiozidi 15 walikaa darasani katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa ambao sasa waitwa Lumumba, wakaanza kusomea shahada ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 Chuo kilihamia juu ya kilima upande wa Ubungo, na tangu siku hizo Mlimani limekuwa jina lake la pili. Majengo yaliyoinuka kilimani yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za msaada kutoka nchi za nje. Mwanafunzi aliyelala ndani yake alilishwa, akasomeshwa na kununuliwa vitabu kwa fedha za Serikali yake. Katika hesabu hiyo, yeye mwenyewe alitoa kidogo sana.

Jambo hilo halikuwa geni. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wavulana 14, na hata ilipokuwa chuo kilichofungamana na London mwaka 1949, aliyekwenda kusoma huko kutoka Tanganyika alikwenda kwa masurufu ya Serikali ya kikoloni, au ya misheni, au ya hazina ya wenyeji wa wilaya yake. Julius Nyerere alipita njia hiyo: alisoma Makerere, akafundisha, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa fedha za msaada wa masomo, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. (Yafaa kukumbukwa kwamba kwa desturi ya vyuo vikuu vya kale vya Uskoti, M.A. ni shahada ya kwanza. Wengi wameandika kana kwamba ni ya pili.) Basi mtu aliyekuja kuwaambia wanachuo kwamba wanadaiwa na taifa, mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mdaiwa wa namna hiyo, na alijua.

Hoja yake aliisema mara nyingi kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamekusanya chakula chote walichobaki nacho, wamempa kijana mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula kingine. Kijana huyo akila akashiba na asirudi, ni msaliti. Mfano huu ulikubalika upesi kwa kuwa ulikuwa na ukweli wa hesabu ndani yake: nchi ilikuwa ya wakulima, kodi ilitoka kwa pamba, kahawa na katani, na gharama ya mwanachuo mmoja kwa mwaka ilizidi kwa mbali pato la jamaa nyingi za wakulima. Serikali ikaufanya mfano huo kuwa mkataba. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za umma alitia sahihi kwamba akimaliza ataitumikia nchi kwa miaka 5 mahali atakapopangiwa. Kwa hiyo elimu ya Mlimani haikuwa ya bure hata siku moja. Malipo yake yalikuwa kazi, nayo yalingoja mbele.

Palikuwa na mwanya katika mpango huu, na mwanya wenyewe ulikuwa juu, kwa watafutao shahada za pili na za tatu. Katika miaka ya mwanzo Chuo kilishughulika na shahada ya kwanza, kwa maana nchi ilihitaji mahakimu, waalimu na mabwana shauri, nao walihitajika haraka. Aliyetaka kuwa mtaalamu wa kufundisha Chuoni alisafiri. Nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Oxford mwaka 1959 zikaanzisha mpango wa kusomeshana, na vijana wa Afrika Mashariki walikwenda Uingereza na Kanada kwa mpango huo. Rockefeller Foundation ya Marekani nayo ilisaidia kuwaandaa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam toka 1963 hata 1970. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mkulima wa Sukuma alilipa shahada ya kwanza ya hakimu, na tajiri wa New York akalipa shahada ya tatu ya mwalimu wa hakimu huyo. Swali la nani amdai yule wa pili halikuulizwa wakati ule.

La kwanza liliulizwa, na kwa sauti kubwa. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa shule za juu lazima watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. Sehemu ya muda huo wangekaa kambini. Sehemu kubwa iliyobaki, karibu miezi 18, wangefanya kazi zao za kawaida, lakini kila mwezi wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Asilimia 60 zilikuwa za taifa. Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1966, wanachuo pamoja na wanafunzi wa shule nyingine waliandamana kwenda Ikulu, baadhi yao wamevaa majoho. Walikuwa na tamko la kusoma na mabango ya kuonyesha, na miongoni mwa mabango hayo lilikuwapo lililosema kwamba heri wakati wa mkoloni. Walitaka masharti yapunguzwe. Wakasema kwamba miili yao ingeweza kupelekwa, lakini nyoyo hazitakwenda.

Hao waandamanaji wamehukumiwa kwa urahisi mno na vizazi vilivyofuata. Bango lile la mkoloni lilikuwa upumbavu, na liliwaponza. Lakini nyuma yake palikuwa na manung'uniko yenye mguu wa kusimamia: wao walitakiwa kutoa asilimia 60, ilhali mawaziri na wakubwa wa Serikali, ambao nao wengi walisomeshwa na umma, walikuwa wakipokea mishahara mizima iliyorithiwa kutoka ngazi za wakoloni. Kijana aliyedaiwa aliona wadaiwa wenzake wamekaa upande wa wadai. Na dalili kwamba neno hilo lilimchoma Rais ni jawabu alilotoa pale pale. Aliwafukuza Chuoni na kuwarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Na katika hotuba ile ile akakiri kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa kupita kiasi, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri ikafuata kupunguzwa. Mtu haadhibu na kukubali hoja kwa pumzi moja ila hoja iwe imempata.

Miezi mitatu na siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Si haki kusema kwamba maandamano ndiyo yaliyozaa Azimio. Mawazo yake yalikuwako zamani. Walakini ni vigumu kusoma masharti ya uongozi yaliyomo humo bila ya kuzisikia nyayo za Jumamosi ile. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka 1967, wakamaliza, wakawa watumishi wa Serikali iliyowafukuza.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo wazee wa Mlimani huisimulia kwa macho ya kutamani. Chuo kikawa Chuo Kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970. Mwanachuo alikuwa na kitanda, mlo, vitabu, na nauli ya kwenda kwao likizo. Mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma liliongeza sharti jingine: amalizaye shule ya sekondari asiende Chuoni moja kwa moja, bali apitie Jeshi la Kujenga Taifa na kazi kwa muda usiopungua miaka 2, kisha aombe nafasi akiwa na barua ya kumsifu kutoka kazini na kwenye tawi la chama. Yaani malipo yalitangulizwa. Mtu alifanya kazi kwanza, akala elimu baadaye. Shida yake ilionekana upesi kwa wasichana, ambao idadi yao Chuoni ilishuka, hata sharti likaondolewa kwao baada ya muda mfupi.

Jambo moja la 1978 lastahili kutajwa hapa, maana hufasiri lile la 1966. Mwezi wa Machi mwaka huo wanachuo waliandamana tena, mara hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Walisema maneno ambayo Rais mwenyewe aliyasema miaka 12 nyuma. Zaidi ya 300 walifukuzwa.

Kilichoubomoa mkataba wa kale hakikuwa maandamano. Bei za mazao zilianguka, mafuta yalipanda, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Washauri waliokuja na fedha walikuja pia na fundisho: kwamba elimu ya juu humnufaisha zaidi yeye aipataye, na kwa hiyo yeye ndiye apaswaye kuilipia, nazo fedha za umma ziende shule za msingi. Hapo ndipo lilipoingia neno "kuchangia gharama". Mlimani pakawa na machafuko, na Mei 1990 Chuo kikafungwa hata mwanzo wa mwaka 1991. Nchini Uganda masurufu ya wanachuo wa Makerere yalipopunguzwa, wanafunzi 2 walipigwa risasi wakafa katika mgomo wa Desemba 1990. Nchini Kenya, Serikali iliposhikilia malipo mapya mwaka 1991, vyuo vilifungwa. Nchi tatu zilizokuwa na chuo kikuu kimoja hata 1970 zikapatwa na jambo moja kwa wakati mmoja, na aliyeamuru hakuwa katika mojawapo.

Dar es Salaam, kuchangia kulianza mwaka wa masomo 1992/93 kwa vitu vidogo: nauli, ada ya kuandikishwa, fedha za dhamana. Mwaka 1994/95 kikafuata chakula na malazi, na hapo fedha aliyopewa mwanafunzi ikabadilika jina. Zamani ilikuwa masurufu; sasa ikawa mkopo. Noti zilikuwa zile zile, foleni ile ile, nao wanafunzi wakaziita "bumu" bila ya kujali jina la Serikali. Wengi walitia sahihi karatasi kwa namna kijana mwenye njaa atiavyo sahihi. Ilipotungwa Sheria Namba 9 ya 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi Julai 2005, Bodi hiyo ilikabidhiwa kukusanya hata madeni yaliyotolewa tangu 1994. Watu waliokwisha kuoa, kusomesha na kusahau, waligutushwa na karatasi ya mshahara.

Makato yalikuwa kwanza asilimia 8 ya mshahara. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15, juu yake ikiwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza kufutwa Mei Mosi 2021. Msomaji apendaye hesabu aweza kupima: asilimia 60 kwa miezi 18, waliyoipinga wale wa 1966, ni mshahara wa karibu miezi 11, kwa makato ya asilimia 15, kiasi hicho hukatwa kwa miaka 6. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba wale wa 1966 walikuwa na uhakika wa kazi. Deni la kazi haliwezi kudaiwa mahali pasipo kazi. Deni la fedha hudaiwa popote.

Na yule wa shahada ya pili na ya tatu? Sehemu kubwa ya mikopo imekwenda kwa shahada ya kwanza. Kwa udaktari, mlango wa ng'ambo uliofunguliwa zamani haukufungwa. Tangu miaka ya 1970 Uswidi ilisaidia utafiti wa Mlimani, na wahadhiri wengi walifanya udaktari wao nusu huku na nusu kule, wakikusanya habari nyumbani na kuziandika Uppsala au Stockholm. Wajerumani na Wanorwe nao walitoa nafasi zao. Kazi nzuri ilitoka humo, hapana shaka. Lakini mlipaji huwa na haja zake, na hata asipoamuru hutangaza anachopenda kukilipia. Mwombaji mwerevu huandika ombi lake kwa kukitazama hicho. Mwenye kutaka kuchunguza tenzi za Pemba au sheria za ardhi za Wagogo alilazimika kutafuta namna ya kuzieleza zifanane na maendeleo, au maji, au maradhi.

Aliyekosa mfadhili hujilipia. Huyu ndiye mwanafunzi wa shahada ya pili wa kawaida wa leo: mwalimu wa sekondari, karani wa benki, muuguzi, aliyekwisha kukatwa asilimia 15 kwa ajili ya shahada ya kwanza, na ambaye jioni hupanda daladala kwenda darasani kulipia ya pili kwa fedha iliyobaki. Ada huivunja mafungu, na fungu la mwisho ndilo gumu. Tasinifu yaweza kuwa tayari, msimamizi ameridhika, nalo jina likakosekana katika orodha ya mahafali kwa sababu ya salio. Na akipitisha muda uliowekwa, hutozwa ada nyingine ya kuendelea. Tozo iliyofutwa mwaka 2021 haikumhusu kwa ada hiyo, maana hakukopa. Joho la kukodi nalo lina bei yake.