Ufagio wa Mwanza na Mtu Aliyesimama Mlangoni



Wapendwa Taifa la Mungu, kila tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hupigwa, na sisi mapadre tunaalikwa kuwaombea marehemu. Ni jambo jema na la haki. Lakini juma hili tunapenda kuwatafakari wale ambao maua hayawafikii kwa sababu hawakufa. Walirudi nyumbani. Tutaanza na kisa kilichotokea hapa hapa Mwanza.

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari Waafrika waliokuwa wamelitumikia jeshi la Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa hapa Mwanza, kando ya ziwa. Simulizi iliyorudiwa mara nyingi na waandishi wa historia ya vita hivyo yasema kwamba walijitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi hawakuwa na kitu mkononi. Mtumishi wa benki aliyeleta fedha akatafakari, kisha akabuni njia. Kila mzee alipopiga hatua mbele alikabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kina utamu wake. Lakini tukitulia kidogo, kicheko hukatika. Tangu jeshi lile lisalimishe silaha mwezi Novemba 1918 ilikuwa imepita miaka 46. Katika miaka hiyo mikono ya wazee wale ilikuwa imelima mtama na pamba, imevuta nyavu, imebeba wajukuu na kufukia makaburi. Hata hivyo amri moja tu, kwa lugha ya kigeni, ilitosha kuugeuza ufagio kuwa bunduki. Mikono haikuwa imesahau. Nasi twauliza: ikiwa mikono ilikumbuka gwaride, ni mambo gani mengine iliyakumbuka? Wazee wetu walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtumishi yule alikuja na mfuko wa fedha, akatimiza wajibu wake. Swali lile la pili halikuwa kazi yake. Lilikuwa kazi ya nani?

Tusisahau pia kwamba waliofika mezani pale walikuwa askari. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili, ya Wajerumani na ya Waingereza, walikuwa wengi kuliko askari, na walikufa kwa wingi zaidi, hasa kwa njaa na maradhi. Kumbukumbu yao iliyo hai kuliko zote ni jina la soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jina lililotokana na lile la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kila siku maelfu huenda pale kununua na kuuza, na ni wachache wanaojua kwamba wanatamka jina la watu waliovunjwa migongo.

Tuje sasa kwenye vita vya karibu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, mifugo ikaswagwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi likapanuliwa haraka: pamoja na askari wa kawaida waliitwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, askari magereza na maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni mwaka huo.

Mwanza haikuwa mbali na moto huo. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta ya mji wetu. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua swala waliokuwa wakihifadhiwa pale. Sisi tuliozaliwa baada ya vita twakipita kisiwa kile kwa mashua bila kuwaza lolote.

Kisha wapiganaji wakarudi. Walipokelewa kwa ngoma na vigelegele, na walistahili. Lakini nchi ilikuwa imekaukiwa. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mgambo wengi walirudi kwenye majembe yao. Nani angepata nafasi ya kumuuliza mtu jinsi anavyolala usiku? Hata wataalamu wa dunia walikuwa bado wanatafuta maneno. Ugonjwa ambao leo waitwa msongo baada ya kiwewe uliingizwa katika kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya vita vyetu kwisha, kwa msukumo mkubwa wa askari waliotoka Vietnam. Kwetu vijijini jambo hilo lilikuwa na majina mengine: mlevi, mkorofi, aliyerogwa, mtu wa Mirembe.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika parokia moja tuliyoitumikia zamani, mbali na hapa Nyakato, alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo vitani. Kila Dominika alikuja mapema, lakini hakuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, tangu Ishara ya Msalaba mpaka baraka. Hakukaribia Komunyo hata mara moja. Mvua ilipoanza kupiga mabati kwa kishindo, aliondoka. Jioni alikunywa gongo. Nasi, vijana wenye elimu mpya ya seminari, tulihitimisha haraka kwamba ana kizuizi cha ndoa, na juu yake ni mlevi. Tulihubiri juu ya ulevi mara mbili, tukijua anasikia. Hatukumwendea. Alipofariki, dada yake alituambia kwa upole: “Padre, yeye alisema mikono yake haifai kupokea.” Hilo tu. Hatujui zaidi, na sasa hatutajua.

Maneno hayo yaliturudisha kwenye vitabu tulivyovisoma darasani bila kuvielewa. Katika sura ya 31 ya Kitabu cha Hesabu, sura nzito na ya kutisha, Musa anawaagiza wapiganaji wanaotoka vitani wakae nje ya kambi siku saba. Wajitakase siku ya tatu na siku ya saba, wafue nguo zao, ndipo waingie kambini (Hes 31:19-24). Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, aliandika kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa sawa na uuaji wa kawaida. Hata hivyo alishauri waliofanya hivyo wajizuie kupokea Komunyo kwa miaka mitatu, kwa kuwa mikono yao si safi. Na baada ya mapigano ya Hastings huko Uingereza mwaka 1066, maaskofu wa Normandia waliwapangia toba askari wa upande wao ulioshinda: mwaka mmoja kwa kila mtu waliyejua wamemuua, na siku 40 kwa kila waliyempiga bila kujua kama alikufa.

Zamani tulizisoma sheria hizi kama ukali. Leo twaona ndani yake jambo jingine: kila moja ilikuwa na mwisho. Siku ya saba ilifika, mtu akaingia kambini. Mwaka wa tatu uliisha, akasogea altareni. Jamii haikumwambia askari kwamba hakuna lililotokea, wala haikumwambia kwamba amepotea milele. Ilimwonyesha njia ya kurudi, na watu wote waliijua njia hiyo. Jamii nyingi za Kiafrika nazo zilikuwa na desturi za kumtakasa aliyemwaga damu kabla hajaketi na wenzake na kula nao chungu kimoja. Desturi hizo tuliziacha, baadhi kwa haki kabisa, lakini hatukuweka kitu mahali pake. Mzee wetu yule alijipangia mwenyewe kanuni ya Mtakatifu Basili bila kuisoma, ila yake haikuwa na mwaka wa tatu. Aliungoja mlangoni mpaka kifo.

Mtu atauliza: je, mganga wa namna hii ya maumivu atoke wapi? Kanisa lina jibu lenye jina. Yohane wa Mungu alizaliwa Ureno mwaka 1495, akawa askari wa mfalme wa Hispania kwa miaka mingi. Alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, akiuza vitabu mjini Granada, alisikia mahubiri ya Mtakatifu Yohane wa Avila na akavunjika moyo kabisa. Alikimbia barabarani akilia na kuzivuta nywele zake. Watu wakamdhania kichaa, akafungiwa katika hospitali ya kifalme, ambako matibabu ya siku zile yalikuwa minyororo na mijeledi. Yohane wa Avila alimwendea mle ndani, akazungumza naye, akamshauri aigeuze toba yake kuwa huduma kwa wengine. Alipotoka alikodi nyumba, akaanza kuwapokea maskini na wagonjwa, kila mmoja kwenye kitanda chake. Leo anaheshimiwa kama msimamizi wa hospitali na wagonjwa. Mhubiri aliyemvunja moyo alikwenda kumtafuta. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Nchi yetu nayo ina historia yake ya kuwahudumia wagonjwa wa akili. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye makao hayo yakawa hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika Afrika ya Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka 1927. Ajabu ni kwamba neno hilo, ambalo ng'ambo ya ziwa kwa Waganda maana yake ni amani, sisi tumeligeuza kuwa tusi. Baada ya Uhuru vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliishi na kulima, na katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiana na Shirika la Afya Duniani, ilianza kuiingiza huduma hii katika vituo vya afya na zahanati, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa na kufunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na Serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja. Mlima ule unatufundisha kwamba Kanisa na Serikali wanaweza kupishana, kisha wakakaa tena pamoja kando ya kitanda cha mgonjwa.

Basi, ndugu zetu wa Nyakato, tunaomba mambo matatu.

Kwanza, jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizichagua mwaka 1976 ziwe msingi wa uchungaji, na sababu yake ni hii: jumuiya inajua nyumba ipi haina usingizi. Mkimfahamu mzee aliyepigana Kagera, au kijana aliyerudi kutoka ulinzi wa amani Kongo au Darfur, mwendeeni. Msimdai simulizi. Kaeni naye, mkanywe naye chai, mrudi tena juma lijalo.

Pili, msitenganishe sala na dawa. Mtu asiyelala, anayeshtuka, anayekunywa ili asahau, au anayesema afadhali afe, apelekwe zahanati au Bugando, kwenye idara ya magonjwa ya akili, na mtu wa kumsindikiza awepo. Sakramenti ya Upatanisho haimzuii daktari, na daktari haizuii Sakramenti. Tusikimbilie kusema ni pepo.

Tatu, tusifanye kazi hii peke yetu. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wastaafu wake. Majirani zetu Walutheri, Wasabato na Waislamu wanao wazee wa vita ile ile. Bomu lililoanguka Saa Nane halikuwa limeuliza dini ya mtu.

Nasi kama mchungaji wenu twaahidi jambo moja. Tukimwona mtu amesimama mlangoni, baada ya Misa hatutakwenda kwanza sakristia kuvua mavazi. Tutakwenda mlangoni.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewaonyesha wanafunzi wako mikono yenye majeraha, uwapokee wote ambao mikono yao imebeba vita. Wape siku yao ya saba. Na sisi utusamehe tulipochelewa. Amina.

Mungu awabariki.