Pad Thai: Sahani Iliyopigiwa Hesabu Serikalini

Ukishakula mara moja katika mgahawa wa kawaida wa Kithai nchini Marekani, menyu yake huisahau. Kuna mchuzi wa kijani, mchuzi mwekundu, wali wa kukaanga na pad thai. Kila sahani ina bei moja kwa kuku, mboga au tofu. Ukitaka nyama ya ng'ombe unaongeza kidogo, ukitaka kamba unaongeza zaidi. Nenda mji mwingine, kwa mwenye mgahawa asiyemjua yule wa kwanza, na utakuta sahani zilezile kwa bei zinazokaribiana. Kufanana huku kuna historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa ofisini. Mara mbili serikali ya Thailand imekaa ikapiga hesabu ya chakula chake na bei yake.

Mara ya kwanza ilikuwa enzi ya Plaek Phibunsongkhram, au Phibun kwa kifupi, mwanajeshi aliyeshika uwaziri mkuu mwishoni mwa 1938. Mwaka 1939 nchi iliacha jina la Siam ikaitwa Thailand, na kuanzia mwaka huo hadi 1942 serikali ilitoa amri 12 za utamaduni zilizowaambia raia wavaeje, wazungumze lugha gani na wanunue bidhaa za nani. Kisha vita vikaingia, na mwaka 1942 mafuriko makubwa yakaifunika Bangkok. Mchele ukawa adimu. Phibun akawahimiza watu wale tambi za mchele, maana kiasi kilekile cha nafaka kikisagwa na kugeuzwa tambi huwafikia walaji wengi zaidi.

Hesabu aliyowapigia wananchi inastahili kusomwa polepole. Watu milioni 18, kila mmoja ale bakuli moja kwa siku, bakuli likiuzwa satang 5. Hizo ni satang milioni 90, yaani baht 900,000 zinazozunguka kila siku kutoka kwa mlaji kwenda kwa mchuuzi, kwa mkulima, kwa mvuvi. Idara ya ustawi wa jamii ikasambaza maelekezo ya upishi na mikokoteni ya kuuzia. Hapo ndipo pad thai ilipopata nafasi yake: tambi zilizokaangwa kwenye karai pamoja na yai, tofu, uduvi mkavu na machipukizi ya choroko, zikakolezwa ukwaju, sosi ya samaki na sukari ya mnazi, na juu yake karanga zilizopondwa.

Ufundi wa kukaanga tambi ulikuwa wa Wachina waliohamia Bangkok, watu walewale ambao serikali ya Phibun iliwabana kwa sera zake za utaifa. Pilipili ilikuwa imevuka bahari kutoka Amerika, ikafika huko katika zama za Wareno. Ukwaju, tunaoujua vizuri sisi wa Pwani, asili yake ni Afrika ya kitropiki. Sahani iliyopewa jina la taifa ilikuwa imekusanya dunia nzima, na sioni kwamba jambo hilo linaipunguzia heshima hata chembe.

Bakuli dogo la bei ndogo halikufa na vita. Karibu na Mnara wa Ushindi wa Bangkok, uliojengwa na serikali hiyohiyo mwaka 1941, ipo mitaa maarufu kwa tambi za mashua. Zamani wachuuzi walizipikia ndani ya mitumbwi kwenye mifereji, na bakuli lilifanywa dogo ili mchuzi usimwagike wakati wa kumkabidhi mteja aliye ukingoni. Leo mitumbwi mingi imeondoka lakini bakuli limebaki lilelile. Mlaji anaagiza moja baada ya jingine, anayapanga mezani kama mnara, na mwisho mwenye duka anayahesabu ili kujua deni. Kwingineko mjini, vibanda vya wali na michuzi vinatoza kulingana na idadi ya michuzi unayochagua: mmoja bei yake, miwili bei yake. Nyama iliyokaangwa kwa majani ya mrehani huja juu ya wali, na yai la kukaanga ni nyongeza ya sarafu chache. Pad thai ya kawaida mtaani imekuwa ikipatikana kwa baht 50 hadi 80.

Safari ya chakula hiki kwenda Marekani ilifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya 1965. Wanafunzi na wauguzi wa Kithai walifika Los Angeles, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huo ukapata duka la vyakula la Bangkok Market, lililoleta viungo ambavyo wapishi walikuwa wakivikosa. Mwaka 1999 sehemu ya Hollywood ikatambuliwa rasmi kuwa Thai Town.

Kisha serikali ikarudi mezani. Sarafu ya baht ilikuwa imeporomoka mwaka 1997, na nchi ilihitaji fedha za kigeni. Mwaka 2002 ukazinduliwa mpango wa Global Thai, wakati migahawa ya Kithai nje ya nchi ilikuwa takriban 5,500. Lengo likawa kufikia 8,000. Mikopo ikatengwa na wapishi wakafundishwa. Mwaka 2005 makubaliano ya biashara na New Zealand yakawafungulia wapishi wa Kithai mlango wa kwenda kufanya kazi kule. Wizara ya biashara iliandaa hata vielelezo vya migahawa na bei zake: Elephant Jump, wa haraka, dola 5 hadi 15 kwa mtu, Cool Basil, wa kati, dola 15 hadi 25, na Golden Leaf, wa juu, dola 25 hadi 30.

Tazama hapo kwenye ngazi ya juu kabisa. Mgahawa wa fahari ulikadiriwa dola 30, fedha ambazo mgahawa wa Kifaransa wa wakati huo ungeweza kutoza kwa sahani moja tu. Krishnendu Ray, msomi wa Chuo Kikuu cha New York, ameonyesha kwamba bei ambayo mteja wa Marekani yuko tayari kulipia chakula cha kigeni hufuata hadhi anayoipa jamii iliyokileta. Chakula cha Kijapani kilipanda bei Japani ilipotajirika. Cha Kithai kimebanwa chini, ingawa kutwanga viungo vya mchuzi wa kijani kwenye kinu ni kazi ya kuumiza mabega na mndimu wake wa majani yenye harufu haukubali kila hali ya hewa.

Kizuizi hicho kilipasuliwa Bangkok kwenyewe. Desemba 2017 mwongozo wa kwanza wa migahawa wa Michelin kwa mji huo ulimpa nyota Jay Fai, mama aliyekuwa amevuka miaka 70, aliyepika juu ya makaa akiwa amevaa miwani ya kuteleza kwenye theluji. Kimanda chake cha kaa kiliuzwa kati ya baht 800 na 1,000, mara kumi au zaidi ya bei ya sahani ya tambi ya mtaani. Watu walilalamikia bei hiyo miaka mingi kabla ya nyota. Yeye alijibu kwa kuonyesha kiasi cha kaa anachoweka, na foleni mlangoni kwake ikazidi kurefuka.