Bei Ikishuka Baada ya Kulipia Safari Mapema: Tofauti Ni ya Nani?

 

Yanatufikia maswali kutoka kwa familia za Unguja na Pemba zenye jamaa walioko Uingereza, Marekani, Canada na nchi za Ghuba. Jamaa hao hukusanya michango na kuwapeleka wazee na ndugu katika safari ya meli ya kitalii, ile inayopita bandari kadhaa kwa siku 5, 7 au zaidi, na watu wakalala na kula humo humo. Nafasi huwekwa mapema, pengine mwaka mzima kabla. Kisha siku moja mtu anatazama bei ya chumba kile kile, meli ile ile, tarehe ile ile, na anaikuta imeshuka.

Hapo huzuka maswali matatu. Je, inafaa kumrudia muuzaji na kumtaka apunguze? Je, muuzaji analazimika kupunguza? Na akipunguza, kilichopungua ni cha nani?

Jibu kwa ufupi ni hili: kuomba inafaa wala si aibu, muuzaji halazimiki ila kwa sharti lililomo katika mkataba au kwa sheria ya nchi, na kilichopungua ni cha aliyetoa pesa, si cha aliyeshughulikia. Ufafanuzi unafuata.

Hatuzungumzii hapa hukumu ya safari yenyewe. Meli nyingi za aina hii zina baa na kamari, na hilo lina maelezo yake. Zipo pia zisizouza ulevi, kama zile za Aroya ya Saudi Arabia, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah mwishoni mwa mwaka 2024. Maneno yetu ni kwa aliyekwisha kuchagua safari inayofaa.

Kwa nini bei hushuka

Chumba cha meli ni kama kiti cha boti: ikishang'oa nanga, kilichobaki kitupu hakiuziki tena. Kwa hiyo kampuni hupandisha bei vyumba vinapojaa, na huishusha pale vinapobaki. Wakati mmoja unaojulikana kwa mteremko ni pale inapofika tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa safari nyingi ni takriban miezi 3 kabla ya kuondoka. Waliokuwa wameshikilia nafasi kwa malipo ya awali hujitoa, vyumba vyao hurudi sokoni, na bei huweza kushuka.

Bei kupanda na kushuka si dhulma kwa yenyewe. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akawaelekeza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Mkataba huu ni wa namna gani

Mwenye kukata tiketi ya meli hanunui chumba. Anakodi manufaa: malazi, usafiri na huduma kwa muda unaojulikana. Huu ni mkataba wa ijara, na kampuni imebeba katika dhima yake safari iliyotajwa sifa zake. Ijara ni mkataba unaolazimu. Ukishafungika, hakuna upande unaoweza kuuvunja au kuubadilisha peke yake, ila kwa khiari iliyoshurutishwa, kwa aibu iliyodhihiri, au kwa kuridhiana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa Suratul Maida kutekeleza mikataba.

Bei ya soko kushuka baadaye si aibu katika huduma, wala si ghushi. Kipimo ni bei ya siku ya mkataba. Tujiulize: kama bei ingepanda, tungekubali kampuni itupigie simu itake nyongeza? Basi tusichokubali kudaiwa bei inapopanda, hatuna haki ya kukidai inaposhuka.

Lakini kukosa haki ya kudai si kukosa ruhusa ya kuomba. Muuzaji akipunguza kwa hiari yake baada ya mkataba kuthibiti, hiyo ni ibraa, yaani amesamehe sehemu ya anachodai au amerejesha kwa ihsani. Na akikubali kuuvunja mkataba kwa kumhurumia aliyejuta, hiyo ni ikala, ambayo Mtume (S.A.W.) ameisifu na kumbashiria mwenye kuifanya kuwa Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake.

Arbuni na malipo ya awali

Kampuni hutoa aina mbili za malipo ya awali. Moja hurejeshwa ukijitoa kabla ya tarehe fulani. Ya pili hairejeshwi, na kwa kawaida nauli yake huwa ndogo zaidi. Hii ya pili ndiyo arbuni. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, hawakuijuzisha, kwa kuwa muuzaji anachukua mali bila ya kutoa kitu. Imamu Ahmad aliijuzisha. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, iliijuzisha kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwe umewekewa mpaka.

Anayetaka kutoka katika khitilafu achague malipo yanayorejeshwa. Yana faida ya kidunia pia: bei ikishuka, ana nafasi ya kujitoa na kuweka upya bila ya kupoteza. Kufanya hivyo si hila, kwani ni sharti lililoandikwa na pande zote mbili zimeliridhia, na Waislamu wanafungwa na masharti yao, kama ilivyokuja katika hadithi.

Vipindi vya kuomba

Kabla ya malipo ya mwisho, nafasi ni kubwa. Kampuni nyingi zinazouza kwa taratibu za Marekani hukubali kurekebisha nauli mpaka tarehe hiyo ikiwa chumba ni cha daraja lile lile na aina ya nauli inaruhusu. Zipo zinazoahidi kwa maandishi kufidia tofauti ikionekana ndani ya saa chache tangu kuweka nafasi, mfano saa 48. Ahadi ya namna hii ni sharti, na ni haki ya mteja kuidai.

Baada ya malipo ya mwisho, kujitoa huwa na gharama inayozidi kila siku ya safari inavyokaribia. Kampuni inaweza kutoa salio la kutumia ndani ya meli, au chumba cha daraja la juu, au isitoe kitu. Akubali mtu anachopewa ashukuru. Meli ikishaondoka, mlango kwa kawaida umefungwa.

Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna jambo la ziada. Sheria za safari za vifurushi, zilizoanza kutumika mwaka 2018, zinasema mwandaaji hawezi kuongeza bei ila mkataba uwe umeruhusu, na kwa sababu maalumu tu: mafuta, kodi na ada, au thamani ya fedha. Ongezeko likizidi asilimia 8, msafiri ana haki ya kujitoa. Na mwandaaji aliyejiwekea haki ya kuongeza kwa sababu hizo, msafiri naye anayo haki ya kupunguziwa gharama hizo hizo zikishuka. Lakini sheria hiyo haigusi ofa mpya iliyotangazwa kwa sababu vyumba havijajaa.

Yasiyofaa katika kutafuta nafuu

Zipo nauli za wakaazi wa jimbo fulani, za waliopindukia umri fulani, za wanajeshi. Kutumia anuani ya jamaa ili uonekane mkaazi ni uongo na kula mali kwa batili. Hali kadhalika kudai kuwa umepata bei ndogo kwingine na hukuipata. Wala haifai kushika nafasi mbili ukikusudia kuitupa moja, ukawazuilia wengine, ikiwa masharti yanakataza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Kilichopungua ni cha nani

Hili ndilo linaloharibu udugu, kwa hiyo tunalirefusha.

Anayekusanya pesa za jamaa na kuwawekea nafasi ni wakala wao, na wakala ni mwaminiwa. Dalili iliyo wazi ni hadithi ya Urwa al-Bariqi (R.A.), iliyopokewa na Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari 1 amnunulie mbuzi. Akanunua mbuzi 2 kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari 1, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Hakusema faida ni ya ujanja wake. Alileta vyote kwa mwenye mali, naye Mtume (S.A.W.) akamuombea baraka katika biashara yake.

Tuchukue mfano. Watu 6, kila mmoja dola 900, jumla dola 5,400. Kaka mkubwa amelipia nafasi 3: yake, ya baba na ya mama. Dada amelipia 2: yake na ya mwanawe. Mdogo wao amelipia yake tu, na ndiye aliyeshughulika na kila kitu. Bei ikashuka hadi dola 780, kampuni ikarejesha dola 720. Kaka anapata 360, dada 240, na mdogo 120. Mdogo hana ruhusa ya kubakisha zaidi ya hizo 120 bila ya kuwaambia wenzake, hata kama ni yeye aliyekesha akifuatilia. Kama anataka ujira, autaje mapema na ujulikane kiasi chake. Wakimwachia kwa ridhaa baada ya kujua, ni halali yake.

Nafasi za wazee ndani ya mfano huo zina maelezo. Ikiwa kaka alilipa moja kwa moja kwa ajili ya wazazi, kinachorudi ni chake. Ikiwa aliwakabidhi wazazi pesa kwanza kama zawadi, nao ndio waliolipa, basi kinachorudi ni cha wazazi.

Tofauti ikija kwa sura ya salio la melini, hukumu ni ile ile. Salio huwekwa kwa jina la chumba, si kwa jina la mlipaji, na aghalabu halitolewi taslimu. Anayelala chumbani humo aombe idhini ya aliyelipa kabla ya kulitumia.

Ama mwenye ofisi ya safari, atazamwe alivyokaa. Akiwa anawawekea watu nafasi kwa niaba yao na kulipwa ada, huyo ni wakala na tofauti ni ya wateja. Akiwa amenunua nafasi kwa mali yake na kwa hasara yake, kisha akaziuza kwa bei iliyokubaliwa, huyo ni muuzaji, na akipata nafuu huko alikonunua ni riziki yake. Haimfai kujiita wakala wakati wa kuomba imani za watu, kisha akajiita muuzaji wakati wa kugawa. Hukumu hii ndiyo hiyo hiyo kwa vikundi vya Umra na kwa tiketi za ndege, nayo huko inatugusa wengi zaidi kuliko meli za kitalii.

Mambo ya kuandikiana

Kabla ya kutoa pesa, familia iandike mambo machache: nani amelipia nafasi ya nani, anayeshughulikia ni wakala au muuzaji, na ujira wake ni kiasi gani, malipo ya awali yanarejeshwa au hayarejeshwi, tarehe ya malipo ya mwisho ni ipi, na bei ikishuka, tofauti itarudi vipi. Aya ya deni katika Suratul Baqara imetufundisha kuandikiana hata tunapoaminiana.

Bei inapoonekana imeshuka, mtu alinganishe kilicho sawa: daraja la chumba, kodi na ada za bandari, bahashishi, na vilivyomo katika kifurushi. Huenda bei mpya ni ndogo lakini imeondoa kitu ulichokuwa nacho. Na huenda bei ya zamani ilikuwa kubwa kwa sababu imebeba kifurushi cha vinywaji vya ulevi, ambacho Muislamu hakifai tangu mwanzo. Kisha apige picha ya bei hiyo, awasiliane na yule yule aliyemuuzia, aombe kwa upole, na akikataliwa kwa mujibu wa mkataba, aridhike na alichokubali siku ya kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutosheka na halali, na azihifadhi familia zetu na ugomvi wa mali. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.