Mizani ya Johnston

Mwaka 1981 mwanachuoni mmoja wa Marekani, James Makepeace, alitoa makala iliyoeleza kwamba miongoni mwa wanafunzi wa chuo aliowahoji, takriban mmoja katika kila watano alikuwa ameionja mwenyewe jeuri baina ya wapenzi, na habari hiyo iliwashtua wengi waliodhani kuwa kupigana ni msiba wa nyumba za watu waliokwisha kuoana tu. Kwetu pwani, ambako uchumba ulikuwa na posa, mshenga na wazazi wa pande mbili, desturi ya vijana wa huko ya kuandamana wawili wawili, mvulana na msichana, tangu umri wa miaka 13 au 14 pasipo mkubwa kuwa shahidi, haina hata jina lililoizoea. Lakini kofi halina haja ya mkalimani.

Katika miaka iliyofuata walimu na watetezi wa wanawake waliingia madarasani kuwaasa watoto kabla dhuluma haijawa mazoea, na juu ya usafi wa nia yao sina shaka hata chembe. Taksiri ilikuwa katika mizani. Aghalabu mtoto aliulizwa mwisho wa somo kama kumpiga mpenzi ni vibaya, naye, kwa kuelewa au kwa adabu tu, akajibu kuwa ni vibaya, na somo likahesabiwa kuwa limefaulu. Wataalamu waliopima mafunzo ya namna hiyo katika mji wa London, Ontario, nchini Kanada, walitangaza mwaka 1992 kwamba fikira za wanafunzi wengi zilitengenea, bali za baadhi ya wavulana zilikwenda upande usiotakiwa. Nao wastahili heshima kwa kuwa hawakulificha jambo hilo.

Ndipo nifikapo Johnston, kaunti ya mashamba katika jimbo la North Carolina, ambako Vangie Foshee na wenzake, mwezi wa Oktoba 1994, waliwauliza wanafunzi wa darasa la 8 na la 9 katika shule 14 zilizopangwa jozi jozi kwa ukubwa wake, kisha kwa bahati nasibu shule moja ya kila jozi ikapewa mafunzo na mwenziwe ikaachwa bila ya hayo. Mafunzo yenyewe, yaitwayo Safe Dates, yalikuwa vipindi 10 vya dakika 45, mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa na wanafunzi wenyewe, na mashindano ya kuchora mabango. Ila kinachonivuta zaidi ni karatasi ya maswali, maana haikukomea kumuuliza mtoto anaonaje, bali ilimuuliza yaliyompata: je, yuko mpenzi aliyekupinda vidole, aliyekusokota mkono, aliyekubana ukutani, aliyekuuma, aliyekutupa nje ya gari?

Matokeo ya mwezi mmoja baada ya mafunzo, yaliyotangazwa 1998, yalileta furaha: vitendo vya kumdhalilisha mpenzi vilikuwa pungufu kwa asilimia 25 katika shule zilizofundishwa, na jeuri ya kujamii kwa asilimia 60. Mwaka ulipopita, tafauti ile ya vitendo ikafifia. Mwenye pupa angaliweka kalamu chini hapo na kuandika kwamba kazi imekwenda bure. Foshee aliwarudia vijana wale mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2004 akatoa ithibati kwamba hata miaka 4 ilipokwisha kupita waliofundishwa walikuwa na jeuri kidogo kuliko wenzao. Kijarida na simu za kuwakumbusha, walizopelekewa baadhi yao, hazikuongeza faida.

Huko New York, Bruce Taylor na Nan Stein walichukua shule 30 za watoto wa darasa la 6 na la 7, wakawapa wanafunzi ramani za jengo lao wapake rangi mahali wanapopaogopa, ujia huu au ngazi ile, ili wakubwa waongeze macho huko. Masomo ya darasani peke yake hayakupunguza jeuri. Hatua za jengo zima zilipunguza. Natija hiyo, iliyochapishwa 2013, yapaswa kusomwa na kila mwalimu mkuu, kwani mtoto alikuwa na maarifa ambayo hakuna aliyepata kumuuliza.

Mwaka huo huo wahakiki waliokusanya tafiti 38 zenye washiriki karibu 16,000 walihukumu kwamba ujuzi wa vijana huongezeka kidogo, lakini ithibati ya kupungua kwa matendo yenyewe haikupatikana. Hukumu hiyo ni nzito, wala si sababu ya kukata tamaa, ila ni sababu ya kupima kwa insafu.

Barani kwetu mizani hiyo ilifika Cape Town, ambako shule 42 zilishiriki na wanafunzi wa darasa la 8 wakapewa vipindi 21 baada ya saa za masomo. Katika shule zisizofundishwa karibu vijana 41 katika kila 100 walisema wametendewa jeuri na wapenzi wao. Katika shule zilizofundishwa walikuwa 35.