Bosi akituma kazi saa nne usiku, sheria inasemaje?

Ni saa nne usiku, Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga. Baridi imeshashuka, watoto wamelala. Simu inatoa mlio: ni grupu la WhatsApp la kazini. Mkuu anaomba ripoti iwe tayari kabla ya saa moja asubuhi. Ndani ya dakika mbili watu watano wameshajibu, "Sawa mkuu." Wa sita anaona haya kunyamaza, naye anawasha taa.

Siku hizi kazi nyingi hazina ukuta. Mwalimu, afisa mikopo, wakala wa mauzo na hata sisi watangazaji tunaweza kufanya kazi popote penye mtandao. Hilo lina faida zake, lakini linaleta swali: siku ya kazi inaisha saa ngapi?

Sheria imeweka mipaka gani?

Kwa Tanzania Bara, sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Inasema:

- Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki.
- Kazi ya ziada hufanyika kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki 4, na hulipwa angalau mara 1.5 ya mshahara wa saa.
- Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5.
- Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuwe na mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo, na kila wiki angalau saa 24.

Unyumbufu pia umo. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, mradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki.

Ujumbe wa simu ni kazi?

Sheria hii ilitungwa kabla WhatsApp haijaanza, kwa hiyo haiitaji. Lakini inachohesabu ni saa za kazi, si kiti cha ofisini. Kusoma ujumbe mmoja ni jambo dogo. Kukaa saa nzima ukiandaa ripoti kwa agizo la bosi ni kazi.

Chukua mfano wa anayelipwa shilingi 3,000 kwa saa. Saa moja ya ziada ni shilingi 4,500. Ikifanyika usiku, ongeza asilimia 5: inakuwa shilingi 4,725.

Dharura ni jambo jingine. Sheria inalegeza mipaka kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika katika saa za kawaida. Lakini jambo ambalo bosi amelikumbuka akiwa kitandani si dharura.

Kwa nini kiongozi aanze yeye?

Masharti haya ya saa hayamhusu meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yeye muda wake hauna kikomo, na ni rahisi kuwapima walio chini yake kwa kipimo hichohicho.

Nilipokabidhiwa kupanga zamu za watangazaji, nilikuwa natuma mabadiliko saa tano usiku. Mwenzangu wa kufungua matangazo saa 12 asubuhi alikuwa akijibu kila mara, nami nikadhani hana shida. Siku moja aliniambia, "Dada, huwa nasubiri ujumbe wako ndipo nilale." Kumbe kwa hesabu ya saa 12 za mapumziko, alipaswa kuwa huru tangu saa 12 jioni. Sasa naandika usiku, natuma asubuhi.

Kwingineko

Ufaransa ilianza kutekeleza haki ya kuzima mawasiliano ya kazi tarehe 1 Januari 2017: kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi hujadiliana nao utaratibu wake. Kenya, muswada wa aina hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2022.

Ufanye nini?

Kama ni kiongozi: taja saa ya mwisho ya ujumbe, kubalianeni dharura ni nini, na dharura ipigiwe simu, isitupwe kwenye grupu. Muhimu zaidi, usimsifu anayejibu usiku wa manane.

Kama ni mfanyakazi: soma mkataba wako, andika tarehe na saa ulizofanya kazi, tunza ujumbe, kisha zungumza na msimamizi kwa heshima. Ikishindikana, muone afisa kazi au chama chako cha wafanyakazi. Mgogoro unaweza kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usichelewe: madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60.