Kurithi na Kupanua: Historia Fupi ya Vijenzi vya Dojo na Suala la Saa ya Kiswahili

Makala haya yanafuatilia jinsi vijenzi vya kiolesura cha wavuti vilivyofunguliwa ili vipanuliwe, na yanadai kuwa historia hiyo inaihusu sera ya lugha moja kwa moja.

HTML 4.01, iliyoidhinishwa mwaka 1999, ilikuwa na visanduku vya matini, vitufe na orodha za kuchagua. Haikuwa na kijenzi cha kalenda wala cha saa. Pengo hilo lilizibwa na maktaba za JavaScript, mojawapo ikiwa Dojo, iliyoanza mwaka 2004 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2007 pamoja na mkusanyo wake wa vijenzi, Dijit.

Katika Dijit, mwanaprogramu hakulazimika kuuchokonoa msimbo wa asili. Aliunda kijenzi kinachorithi kile cha awali, kisha akabadili kazi moja tu, kwa mfano ile inayoamua siku zisizoweza kuchaguliwa. Mengine yote yalibaki kama yalivyorithiwa. Baadaye kalenda yake iliruhusu hata kanuni za kuhesabu tarehe zibadilishwe. Hivyo kalenda za Kiislamu na za Kiyahudi zikatumika ndani ya kijenzi kilekile. Kalenda ya Gregori ikabaki chaguo-msingi, si sharti.

Kwa Kiswahili, kutafsiri majina ya miezi ni hatua ya kwanza tu. Saa moja asubuhi ni 07:00, na saa tatu asubuhi ni 09:00. Fomu ya miadi ya hospitali inayoonyesha 3:00 chini ya lebo ya Kiswahili imetafsiriwa, lakini inaweza kumpotosha mgonjwa kwa saa sita. Suluhisho ni kukirithi kijenzi cha saa na kubadili kazi mbili: ile ya kuonyesha na ile ya kusoma kilichoandikwa. Mtumiaji ataona saa tatu asubuhi, nao mfumo utahifadhi 09:00.

Funzo ni kwamba lugha hupata nafasi katika programu pale tu msingi wake unapoacha mlango wazi. Kwa hiyo, mikataba ya serikali ya kununua mifumo isiishie kudai lebo zilizotafsiriwa. Idai pia vijenzi vinavyoweza kupanuliwa, na wataalamu wa Kiswahili washirikishwe kabla msingi haujafungwa.