Bao, Mashine na Mtoto Asiyetulia

Waswahili husema: Samaki mkunje angali mbichi. Kwa miaka mingi sisi walimu tumeitumia methali hii kuhalalisha fimbo, hasa juu ya mtoto asiyetulia darasani. Lakini methali yenyewe yataja wakati wa kukunja, haitaji nguvu.

Nilipata kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo hapa Gisenyi. Katika somo la ngeli hakumaliza dakika tano bila kuinuka, kuangusha kalamu au kumgusa jirani yake, nami nilimtoa nje mara nyingi. Jioni moja nikamkuta karibu na ufuko wa Ziwa Kivu akicheza igisoro na mzee mmoja. Bao hilo lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64, na mchezaji hana budi kuhesabu mbali kabla ya kugusa kete. Kijana alitulia hata giza likaingia. Nikajiuliza: je, darasani alikuwa akinihadaa?

Historia yajibu kwamba la. Mwaka 1902, mjini London, daktari George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Aliiona hali hiyo kuwa kasoro ya kujitawala kimaadili, na lawama hiyo ilidumu. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaipa jina la upungufu wa uzingatifu. Mwaka 1987 utukutu nao ukaingizwa katika jina, ndipo zikapatikana herufi ADHD. Siku hizi yafahamika kwamba mtoto huyu hakukosa uzingatifu, ila yamwia vigumu kuuongoza. Hushikamana na jambo limpalo jibu papo hapo. Huponyokwa na lile ambalo malipo yake hungoja mwisho wa muhula.

Miaka hiyohiyo watengenezaji wa michezo ya vidio walikuwa wakijifunza jambo hilo kwa njia nyingine. Katika Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, iliyotokea Japani mwaka 1978, kila adui anayepigwa huwafanya waliobaki waende kwa kasi zaidi, hivyo ugumu huongezeka pamoja na ustadi. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Shigeru Miyamoto na wenzake walimwanzishia mchezaji mahali pepesi, adui mmoja akimjia polepole. Akosaye hakaripiwi, hurudishwa nyuma kidogo akajaribu tena.

Mwaka 2020 idara ya Marekani isimamiayo chakula na dawa iliruhusu EndeavorRx, mchezo wa vidio utolewao kwa idhini ya daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD. Haukuruhusiwa kushika mahali pa matibabu mengine, bali kuandamana nayo. Kwa hiyo tusidhani kwamba mashine ni dawa ya kila kitu, wala tusimwachie mtoto mchana kutwa mbele ya kioo. Linalotufaa ni mpango wake: hatua fupi, lengo moja lililo wazi, jibu la mara moja, na kosa lisilo na aibu. Mpango huo mzee wa igisoro alikuwa nao bila umeme.

Basi nililivunja somo langu la ngeli. Badala ya ngeli zote ubaoni, nikachukua KI-VI peke yake. Nikaandika nomino kwenye vipande vya karatasi. Mwanafunzi huinuka, huchagua kimoja, hutunga sentensi, nami humjibu palepale. Kijana yule aliendelea kuinuka, lakini sasa kuinuka kulikuwa sehemu ya somo.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Haifai lugha ya watu wote ifundishwe huku mtoto mmoja amesimama nje ya mlango. Ndugu walimu, kabla hatujamkunja samaki, na tuutazame kwanza mkono wetu.